Sura ya Saba: Utepe wa Kumi na Moja

Mjane Van Slyck alikuwa ameuza vitambaa vya msiba mjini Kinderbrook kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna kifo kilichopita pale bila mkasi wake kuwa na habari. Ijumaa ile, kabla hajaondoa hata mbao za madirisha ya duka, alimkuta konstebo Gerrit Vedder kasimama mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu ya mtu ambaye hajapata usingizi wa maana tangu Jumatano.

"Pita ndani, Gerrit," alimwambia. "Nilijua utakuja. Jana kaburini kila mtu alitazama jeneza, wewe ulikuwa unatazama vifua vya watu."

"Nawe ulivitazama?"

"Kitambaa nilichouza mwenyewe nitaacha kukitazama?"

Hapo ndipo Vedder alipopataka. Jeneza la jana lilikuwa la Lucius Tillotson, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha kule mlimani. Alikutwa Jumatano saa moja asubuhi chini ya ngazi za maktaba, kisogo kimepasuliwa. Daktari alisema alikufa tangu jioni ya Jumanne. Kijana huyu alikuwa mwandishi wa Udugu wa Nyota Tatu, kile chama cha siri walichokianzisha wanafunzi miaka minane nyuma, na ndugu zake wote kumi na mmoja waliokuwapo mjini walikwenda kumzika. Baadhi yao walikuwa bado darasani, baadhi wameshahitimu na kushika kazi. Kila mmoja alikuwa na beji yake ya dhahabu kwenye kizibao, na chini ya beji utepe wa matanga.

Vedder alizihesabu tepe zile wakati kasisi anaomba. Kumi zilikuwa nyeusi tii. Wa kumi na moja ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya kahawia, na pindo lake lilikuwa nene kuliko la wenzake.

Mjane alimweleza bila kumzungusha. Wale kumi walikuja pamoja Jumatano saa mbili, alipofungua tu mlango, wakasukumana mbele ya meza kama kuku walioona mtama. Akawakatia kwenye jora jipya lililotoka Albany, akalifungua mbele ya macho yao. Ule wa kahawia aliujua hata akifumba macho, maana ulitoka kwenye jora la zamani lililonyeshewa na mvua, alilokuwa akiwauzia wasio wachaguzi. Kipande chake cha mwisho kilitoka Jumanne.

"Jumanne saa ngapi, mama?"

"Baada ya chakula cha mchana. Alikuja Mwalimu Penfield wa chuo. Aliniambia amefiwa na shangazi yake, Utica, nikampa pole zangu." Mjane aliuweka mkasi mezani polepole. "Lucius alikuwa hai Jumanne mchana, Gerrit. Alipita hapo nje akanipungia mkono."

Vedder alimwomba aseme hayo tena mbele ya hakimu. Mjane akajibu kwamba angeyasema mbele ya Mungu mwenyewe, na kwa sauti ile ile.

Sasa ijulikane huyu konstebo alikuwa anatafuta nini, kwa sababu hakuwa anamtafuta muuaji wa Lucius peke yake. Miaka sita iliyopita, mwezi wa Machi, walimtoa mtoto wake wa pekee, Barent, kwenye maji ya mfereji unaopita chini ya mji. Barent alikuwa na miaka kumi na minane, mwanafunzi wa chuo kile kile. Mkuu wa chuo alisema kijana alikwenda kuteleza kwenye barafu peke yake, barafu ikavunjika, bahati mbaya, pole sana. Lakini baba mtu ndiye aliyemvuta kwa ndoana, na shingoni mwa mwanawe alikuta kitambaa cha kufunga macho. Nani anakwenda kuteleza kwenye barafu na kitambaa machoni? Vedder alimuuliza swali hilo kila mwenye beji ya nyota tatu. Akauliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza siku moja akiwa amepiga magoti, na hiyo ndiyo aliyoijutia. Walikuwa wamekula kiapo. Walimtazama tu kwa heshima, kama watu wanaotazama mvua dirishani.

Basi Jumatano, wakati sherifu anamtupa rumande Phelim Garrity, Mwairishi mwenye mashua ya mizigo, kwa kuwa alionekana akizozana na Lucius na saa ya marehemu ilikutwa kwake, Vedder aliingia peke yake ndani ya ile mashua kuipekua. Chini ya godoro alikuta bahasha ya karatasi kumi na mbili, mwandiko wa Lucius. Phelim, ambaye hajui kusoma, alimwambia kilichotokea. Kijana alimpa bahasha aipeleke kwa mpiga chapa wa Albany, na saa yenye jina lake ili mpiga chapa aamini ilikotoka. Walizozana kwa sababu Lucius alitaka mashua iondoke siku ile ile, na farasi wa kuivuta alikuwa anachechemea. Sherifu alicheka. Mwairishi na saa ya dhahabu, alisema, hadithi nyingine ya nini?

Karatasi zile zilikuwa historia ya Udugu. Lucius alipewa kazi ya kuiandika kwa ajili ya sherehe, akakabidhiwa madaftari ya zamani, akakutana humo na jioni ya Barent. Aliiandika yote, neno kwa neno. Kasoro moja tu: ndugu waliandikana kwa majina ya siri, na yule aliyeongoza jioni ile, aliyetoa amri, aliitwa Soloni. Kwa hiyo Vedder alikuwa anajua namna mwanawe alivyokufa. Alichokosa ni jina la mtu, na jina hilo alilitaka kuliko chakula.

Kutoka dukani alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni ya Bi Dorcas, wanakofikia jamaa wa watu wa chuo. Alimuuliza kama amesikia lolote kuhusu shangazi wa Mwalimu Penfield, yule marehemu wa Utica.

"Marehemu?" Bi Dorcas alishika kiuno. "Ana shangazi mmoja tu, aliyemlea. Amekuja jana kwa gari la farasi. Yuko jikoni kwangu hivi sasa anamaliza sahani ya pili ya maharage."

Vedder alikwenda kuhakikisha, maana kazi ni kazi. Alikuta bibi mnene wa furaha, leso kidevuni, anachovya mkate kwenye mchuzi wa maharage na nyama ya nguruwe. Alimwamkia, akamuuliza hali.

"Kwa umri huu, mwanangu, kila nikiamka nimeshinda," bibi alimjibu, akamkaribisha kiti.

Hakukaa. Alimwonea huruma bibi yule kwa hatua kama nne za kutoka mlangoni, halafu huruma ikamwisha.

Bado kulikuwa na shimo katika hesabu yake, na alilijua. Mtu anayepanga kuua hanunui utepe wa matanga mchana, dukani, mbele ya mjane mwenye kumbukumbu ya tembo. Penfield hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu msaidizi wa Kigiriki, na alikuwa mmoja wa watatu waliokiasisi kile chama. Wa pili alikuwa ameshafariki. Wa tatu alikuwa Orrin Peck, wakili kijana mwenye ofisi juu ya duka la viatu, na Vedder akapanda ngazi kwenda kumwona.

Peck alipomwona tu alijifunga uso. Alianza kueleza kwamba mambo ya Udugu hayazungumziki. Vedder akamwambia hakuja kwa siri za mtu, amekuja kwa habari ya utepe tu, maana jana alivutiwa na jinsi walivyomheshimu mwenzao. Hapo Peck akalegea. Hilo halikuwa siri, alisema, hilo walijivunia.

"Ndugu akifa, kila mwenzake anayejua lazima afunge utepe kabla ya sala inayofuata ya chuo," alieleza, kidole juu kama anafundisha. "Mwezi mzima. Asiyefunga jina lake linafutwa, na siku yake ikifika hakuna wa kumlilia. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kabisa. Penfield aliiandika kwa mkono wake."

"Sala zenu ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni."

"Nyinyi mlipata habari lini?"

"Alipokutwa. Jumatano saa moja. Tukafunga kabla ya sala ya jioni, hatukukosea."

"Na ndugu aliyejua tangu Jumanne usiku?" Vedder aliuliza taratibu. "Huyo alitakiwa awe amefunga saa kumi na mbili asubuhi. Na duka la Mama Van Slyck linafunguliwa saa mbili."

Rangi ilimtoka Peck mpaka masikioni. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akaanza kupanga kalamu zake zilizokuwa zimepangika tayari. Vedder alimshukuru, akashuka ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na tano na goti bovu.

Chumba cha Penfield kilikuwa ghorofa ya pili ya bweni la magharibi, vitabu mpaka darini, moto mzuri unawaka. Mwalimu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mrefu, mpole wa sauti, mtu wa kukusogezea kiti. Alimsogezea konstebo kiti. Konstebo akabaki amesimama.

"Vua utepe wako, mwalimu. Nataka kuuona."

Penfield aliuvua, akampa. Vedder aliupeleka dirishani na kuuinua kwenye mwanga. Alitafuta kitu kimoja, akakikuta. Kulikuwa na matundu mawili ya pini juu ya utepe, na pembeni yake mengine mawili.

"Umefungwa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza wapi? Ndani ya shati?"

"Pini iliteleza."

"Ulinunua Jumanne mchana. Ulisema ni wa shangazi yako, naye nimemwacha anakula maharage. Ulimuua Lucius jioni. Jumatano saa kumi na mbili ulikuwa kwenye sala, na utepe umeufunga ndani, usionekane. Alipokutwa, ukautoa ukauweka nje pamoja na wenzako. Kanuni yako mwenyewe ilikudai, na hukuweza kuivunja hata kwa kuokoa shingo yako."

Vedder alitegemea uongo, na alikuwa na majibu ya kila uongo. Haukuja.

"Wewe ungefanyaje?" Penfield alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kueleweka. "Nilimsihi wiki nzima. Alitaka kuchapisha kila kitu, majina, maneno, kiapo. Udugu ungekufa. Ikabidi. Lakini alikufa akiwa ndugu yangu, bwana Vedder. Ningekwenda kwenye sala kifua kitupu, kama kafa mbwa?"

"Na mwanangu? Yeye mlimfungia siku ngapi?"

"Barent?" Mwalimu alikunja uso, na ubaya wa jambo ni kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka kweli. "Barent hakufungiwa. Hakuwa ndugu bado. Hakufika ng'ambo."

Kando ya moto kulikuwa na chuma cha kuchokolea kuni. Vedder alikiona, na mkono wake ulikuwa umeshakishika kabla hajajua. Alitaka kumuua mtu yule. Alitaka asikie fuvu likipasuka, hakuna haja ya kulisema kwa maneno matamu. Kilichomzuia ni kwamba maiti ingekwenda na jina la Soloni, na Phelim Garrity angenyongwa badala yake. Alikirudisha chuma mahali pake, kidole kimoja baada ya kingine.

Penfield aliona, na akili ikamrudia haraka.

"Tusemezane kama watu wazima," alisema. "Utepe ni utepe tu. Baraza la mahakama ni wakulima wa hapa hapa. Ukiwawekea mwalimu wa chuo upande huu na Mwairishi wa mashua upande ule, unajua watamnyonga nani. Nasikia ana watoto wanne."

"Unataka nini?"

"Unazo karatasi za Lucius. Nilizitafuta chumbani kwake sikuziona, na wewe tu ndiye uliyepekua mashua. Zichome hapa, kwenye moto huu. Nami naandika na kutia sahihi kwamba nilimuua Lucius kwa ugomvi wetu wawili. Nitanyongwa mimi. Udugu ubaki."

Vedder alimtazama. Lilikuwa jambo la kutisha, lakini mtu yule alikuwa anauza maisha yake kwa ajili ya kilabu cha wavulana, na hakuwa na shaka hata chembe kwamba ni biashara nzuri.

"Nitazichoma. Lakini kwanza uniambie Soloni ni nani."

"Hilo siliandiki."

"Sikusema uandike."

Penfield alitega sikio kuelekea mlangoni. Hakukuwa na mtu. "Ni mimi," alisema. "Jioni ile niliongoza mimi. Sikumtakia mabaya, naapa. Kanuni ilikuwa kanuni."

Vedder alivuta kiti na kumwekea wino mbele yake. Alimwita bawabu wa bweni awe shahidi, akasimama nyuma ya bega la mwalimu mpaka nukta ya mwisho. Lilikuwa ungamo safi, lenye tarehe, saa, na nondo ya dirisha iliyotumika na mahali ilipofichwa. Bawabu alitia alama yake. Vedder alikausha wino, akakunja, akatia ndani ya koti. Halafu akatoa bahasha na kuzitia karatasi motoni, moja moja, zote kumi na mbili, mpaka ya mwisho ikawa jivu. Alipomaliza alimfunga Penfield mikono kwa mbele.

Mwalimu alishusha pumzi ndefu. Alionekana ametua mzigo.

"Asante," alisema. "Sasa imekwisha. Hakuna ajuaye."

"Mimi najua."

"Ulitoa ahadi."

"Niliahidi kuchoma karatasi, na zimeungua. Mwalimu, nimezisoma tangu Jumatano, usiku na mchana. Ndicho kitu pekee duniani kinachonieleza mwanangu alikufaje. Ulifikiri sijakishika kwa moyo?" Alimshika mkono juu ya kiwiko. "Kiapo mlikula nyinyi. Mimi sikula."

Kengele ya saa sita ilikuwa inalia walipotokea nje. Masomo ya asubuhi yalikuwa yamekwisha, na wanafunzi kama mia moja na hamsini walikuwa wanakatiza uwanja kwenda kula. Walipomwona Mwalimu Penfield na kamba mikononi walisimama. Wenye beji walisimama pia, na mmoja wao alianza kuja mbele, akaghairi. Mkuu wa chuo alitokeza ngazini, leso bado shingoni.

Watu wa Kinderbrook walizoea kusema kwamba Gerrit Vedder hamalizi maneno ishirini kwa siku. Siku ile alipanda jiwe la kushukia farasi, akamvuta Penfield asimame chini yake, akapaza sauti mpaka madirisha ya ghorofa ya tatu yakafunguliwa.

"Jioni ya tarehe kumi na moja Machi," alisema, "Udugu wa Nyota Tatu ulimpeleka mgeni Barent Vedder kwenye mfereji ili aingizwe. Walikuwapo ndugu saba. Wa kwanza wao alikuwa Asahel Penfield, jina lake la siri Soloni."

"Nyamaza," Penfield alisema. "Nakuomba. Si mbele yao."

"Alifungwa kitambaa machoni. Aliambiwa na ndugu hao atembee juu ya barafu mpaka ng'ambo. Asahel Penfield aliamuru kwamba mgeni asisemeshwe na mtu mpaka afike, kwa kuwa kanuni inasema ndugu hamsemeshi asiye ndugu mahali pa kiapo. Alipofika katikati barafu ikalia. Wote saba waliisikia."

Mwanafunzi mmoja mwenye beji alikuwa anaifungua kifuani.

"Barent naye aliisikia. Akasimama. Akawauliza, 'Nirudi?' Hakujibiwa. Akauliza mara ya pili, na imeandikwa kwamba alikuwa analia. Hakujibiwa. Barafu ikavunjika, na ndugu wakaondoka wawili wawili, bila kusema, kama kanuni ilivyotaka."

Penfield alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kamba. Vedder alishuka kutoka kwenye jiwe, akamshika taya, akamwinua uso mpaka macho yao yakawa sawa. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza kitu cha kawaida, na aliuliza kwa maneno yale yale ya mwanawe.

"Nirudi?"

Hakujibiwa. Vedder hakumwachia taya. Alisimama pale akisubiri jibu, na watu mia moja na hamsini wakasubiri naye, chakula kinapoa ndani, na hakuna aliyesogea.